Jina Lisilotoka

Mji wa Saida, 18 Novemba

Leo Rabii, mtoto wa ndugu yangu Nazih, ameniletea nuksi nyumbani. Ameishusha kutoka ghorofa ya juu mikononi mwake, akaitua kwenye meza ya kulia chakula bila hata kuuliza kama nina nafasi.

"Baba anasema uichukue wewe, ami. Yeye hawezi tena kukaa kitako. Anasema mtaa haufai kukosa mtu wa kuchapa tanzia."

Ni printa ile. Ile ile, na mkwaruzo wake ubavuni. Kwa miaka Nazih amewachapia watu wa mtaa huu tanzia bure, maana hapa kwetu mtu akifa usiku huzikwa mchana unaofuata, na maduka ya uchapaji hufunguliwa wakati maiti keshaoshwa. Alfajiri kuta ziwe zimeshasema nani amekufa, ni mtoto wa nani, ni ndugu wa nani. Usipoandikwa, watu wanajua kuna jambo.

Miaka sita iliyopita alikufa mama yetu. Nazih akachapa tanzia yake kwa dubwana hili, zikabandikwa kuanzia soko la maseremala mpaka mlango wa msikiti. "Watoto wake: Nazih." Chini yake, pale nilipotakiwa kuwa mimi, peupe. Kana kwamba mama alizaa mara moja akatosheka. Wiki ile tulikuwa tumegombana juu ya nani akae na mama, yeye au mimi, basi sikuhitaji kutafsiriwa. Nilipomuuliza mbele za watu alinijibu maneno mawili tu: "Ni mashine." Akaongeza, "Kwenye kompyuta jina lako lipo." Nikamwambia kwenye kompyuta hata mimi naweza kuandika kuwa wewe ni mwanamume. Tangu siku hiyo tunapishana ngazini kimya.

Sasa anaumwa mapafu, na anachonitumia ni hiki. Kuniomba radhi hakutaka. Kunipa kisu alichonichomea ametaka.

19 Novemba

Sijaigusa. Mke wangu Hiyam ameifunika kwa kitambaa cha mezani cha sikukuu. Nimekitoa.

23 Novemba

Nimeiwasha. Imepiga kelele, imetetemeka, imetema karatasi yenye mistari myeupe kila mahali. Rangi ndiyo kabisa, hakuna kitu, si nyekundu, si njano, si bluu. Wino umekaukia matunduni kwa miezi Nazih aliyolala mgonjwa.

Nimekitoa kichwa chake, nimekilowesha kwa maji ya uvuguvugu, nimekikamua kwa pamba mpaka vidole vyangu vimekuwa vya fundi viatu. Mara ya tatu nyeusi imekuja, safi, imenyooka. Nikafunga.

"Na rangi?" akauliza mke wangu.

"Nani anakufa kwa rangi, Mama Rim? Tanzia ni nyeusi."

"Kazi ya nusu hiyo. Na wewe ndiye uliyerudisha kadi zote za harusi ya Rim kwa mchapaji, eti wamesahau kuandika 'Mhandisi' kabla ya jina lako. Siku hiyo nusu hukuitaka."

Nilikuwa mhandisi wa maji wa mji huu, si muuza maji. Cheo ni cheo.

24 Novemba

Mvua. Jenereta ya mtaa imezimwa mapema. Nazih amekohoa juu yetu, nimemsikia kupitia dari.

3 Desemba

Amekufa mume wa Mama Khaldun wa nyumba ya pembeni, na kazi ikaniangukia. Printa ilimeza karatasi mbili mbili, ikazikunja, ikazigandisha tumboni, nikazitoa vipande vipande huku yule mjane amesimama mlangoni analia, nami nina aibu ya kumwomba asubiri. Rola imekuwa laini kwa uzee, haishiki. Nimeifuta kwa kitambaa chenye maji, nikaanza kuilisha kwa mkono, karatasi moja moja, kama mgonjwa.

Zilitoka. Rabii akaenda kuzibandika. Saa mbili baadaye mvua ikazipiga, na wino wote ukateremka ukutani.

Fawwaz kinyozi, ambaye ukuta wa duka lake ndio wenye tanzia nyingi kuliko wote, na ambaye mdomo wake haujui kufungwa, alinipigia kelele kutoka kwenye kiti chake mtu akiwa amepakwa povu:

"Mhandisi! Marehemu wako amelia mpaka kafutika! Za Nazih zilikuwa zikikaa mpaka arobaini!"

"Basi mwambie Nazih ashuke achape."

"Panda wewe umwambie. Ni ngazi tu hizo, si Makka."

Watu wakacheka. Nimerudi nyumbani nimelowa, na nimemchukia Fawwaz, na mvua, na aliyebuni wino wa namna hii.

4 Desemba

Bado nimekasirika.

10 Desemba

Ndani ya kasha la printa kulikuwa na kipande cha mshumaa. Nilidhani ni cha umeme ukikatika, nikakitumia. Kumbe Hiyam amepanda juu kumwona Nazih (bila ruhusa yangu, siku hizi ruhusa yangu ni mapambo), akarudi na siri: Nazih alikuwa akisugua kila tanzia kwa mshumaa mkavu, taratibu, ili maji yateleze.

"Zote?" nikauliza.

"Zote. Alikuwa akisema maiti asilowe mara mbili."

Nikasema ni ujanja wa mtu asiye na kazi. Lakini nimenunua mshumaa.

"Amekonda, Baba Rim. Amekuulizia."

"Akiri kwanza."

"Akiri nini, mtu anavuta pumzi kama anaivuta kisimani?"

"Akiri alinifuta kwenye tumbo la mama yangu. Neno moja. Nitapanda hata bila viatu."

21 Desemba

Siku fupi, na kazi kubwa nimeifanya. Nimeipima mashine. Nilichapa karatasi iliyojaa majina kutoka juu mpaka chini, mstari kwa mstari, halafu nyingine, halafu nyingine, wino mweusi tii. Nikaichapa ikiwa baridi, nikaichapa ikiwa imechoka. Inakwama, inameza mbili mbili, inapinda pembe, inachelewa. Ina kila ila ya dunia hii. Lakini kuruka jina zima, jina la mtu mmoja, ikaacha la juu yake na la chini yake yamesimama safi? Haijaruka hata mara moja.

Njia ya mwongo fupi. Nimemkuta mwisho wa njia.

Rabii alipita jioni kuchukua chungu cha mama yake. Akasimama mlangoni, anachezea funguo.

"Ami, baba anakuita."

"Mwambie baba yako nimeipima mashine yake. Haina kosa. Mwambie hivyohivyo."

Kijana aliniangalia, ana macho ya mama yangu yule, kisha akapanda. Baada ya muda akashuka tena.

"Nini? Amesema nini?"

"Amecheka, ami. Akakohoa sana. Akasema: 'Alhamdulillahi, kumbe ameiponya. Mimi ilinishinda.'"

Hata sasa ninapoandika damu inanichemka. Mtu umemshika mkono uko mfukoni mwako, naye anakupongeza.

30 Desemba

Hakuna aliyekufa. Supu ya dengu tena.

8 Januari

Zile siku arobaini za baridi zimekuja kweli. Theluji imeshuka mlimani mpaka inaonekana kutoka barazani, na sobia, jiko letu la kupasha nyumba joto, inakunywa mafuta kuliko mlevi. Leo printa imegoma. Imewasha taa mbili kwa zamu, ikakataa kila amri. Nimeifungua kwa bisibisi. Chini kabisa kuna sifongo, ndiko unakomwagwa wino kila unaposafisha kichwa. Lilikuwa limejaa mpaka linatiririka.

Nimeliosha kwenye sinki. Maji yalitoka meusi, meusi, meusi, mpaka nikadhani hayataisha. Mwishoni kabisa yakatoka bluu.

Hiyam alikuwa anakatakata kitunguu pembeni yangu.

"Mtu akisafisha mara moja moja, hilo linajaa hivyo?"

"Hapana."

"Basi alisafisha sana."

"Labda."

"Na mtu hupoteza usiku kusafisha mashine isiyo na kosa?"

"Mama Rim, kata kitunguu."

Akakata. Na alilia, na si lazima kiwe kitunguu.

15 Januari

Sifongo limekauka juu ya sobia. Nimelirudisha. Imewaka.

16 Januari

Fawwaz amenikata nywele vibaya makusudi.

27 Januari

Wamempeleka Nazih hospitali, wamemrudisha. Madaktari wamewaambia kaeni naye nyumbani, mpeni anachopenda. Nimesikia miguu yao ngazini, wanambeba kwenye kiti, Rabii anasema "polepole, polepole." Wakapita mlangoni kwangu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, mkono umeshika kitasa. Walipumzika pale. Nilimsikia Nazih akiuliza, sauti imekuwa ya mtoto, "Bado inafanya kazi?" Akajibiwa na Rabii, "Bado, baba."

Sikufungua. Ningefungua ningesema nini? Wapatanishi wamejaa mtaani, kila mmoja ananiambia damu ni nzito kuliko maji. Mimi nimefanya kazi na maji maisha yangu yote. Najua uzito wake.

5 Februari

Nilipanda. Ngazi zote. Nikafika mlangoni kwake, nikasikia kikohozi, nikasikia mke wake anamwambia, "Kunywa kidogo, kwa ajili yangu." Nilikuwa nimeandaa maneno: Nazih, sema tu ulikasirika. Nami nilikasirika. Sema tu. Nikaona kuwa hatasema. Atanitazama na kuniambia ni mashine, na mimi nitamtukana mtu anayekufa. Nikashuka.

Hiyam hakuniuliza nilikuwa wapi. Alikuwa ameacha mlango wazi.

6 Februari

Mvua ya upepo. Maji yameingia barazani.

12 Februari

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Nazih amefariki kabla ya alfajiri.

Rabii aligonga mlango, hana viatu. Sikumwacha aseme. Nilimshika, tukakaa chini pale pale mlangoni, yeye na mimi, vigae ni barafu. Kisha akatoa simu. Alikuwa tayari ameandika tanzia. Alichukua ya bibi yake kama alivyokuwa akifanya baba yake siku zote, kutumia ya zamani na kubadilisha jina la marehemu na mengineyo. Akanitumia kwenye kompyuta. "Chapa, ami. Maziko ni baada ya adhuhuri."

Jenereta ilikuwa imezimwa. Tulitumia betri, na Hiyam akanishikia taa ya simu. Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Nililisha karatasi moja moja, kwa mkono, jicho langu likiwa kwenye rola, maana ukiiacha inameza mbili. Mashine ile haijawahi kwenda vizuri namna ile. Haikukwama hata mara moja. Kila karatasi ilipotoka nililiona jina lake tu, juu, kwa herufi kubwa, Nazih, na niliposoma Nazih sikuweza kusoma tena kitu kingine. Kisha nikachukua mshumaa. Ulikuwa umebaki kipande kifupi, nikasugua juu ya jina lake peke yake, katika kila karatasi, taratibu, ili asilowe. Rabii akazipokea, akazitia chini ya koti, akakimbia.

Nikamwosha ndugu yangu. Hilo sitaliandika.

Tulipotoka na jeneza adhuhuri ilikuwa imekaribia, na mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri. Tukapita mbele ya kinyozi. Fawwaz amefunga duka kwa heshima, amesimama chini ya tanzia, hacheki. Niliponyoosha mkono anipe pole, hakuushika mara moja. Alielekeza kidole ukutani.

"Hata leo, Munzir?"

Nikasoma. "Mke wake: Samiha. Mtoto wake: Rabii. Ndugu yake:"

Baada ya hapo, peupe.

Nilisogea mpaka pua ikagusa ukuta. Hakuna kivuli, hakuna nukta. Ndugu yake: hakuna. Nikageuka, jeneza linanipita, watu wote wa mtaa wananitazama, watu niliowachapia baba zao.

"Umekataa kuandikwa ndugu yake," akasema Fawwaz, kwa sauti ya chini, na ingekuwa afadhali angepiga kelele. "Maiti amekukosea nini tena, bwana? Angalau ungengoja azikwe."

Nikafungua mdomo. Na Mungu ni shahidi, hakukuwa na maneno mengine duniani.

"Ni mashine," nikasema.

Nikamshika Fawwaz mkono.

"Wallahi, Fawwaz. Kwenye kompyuta jina langu lipo."

Mzee mmoja nyuma yangu akasema, si kwa ubaya, kama mtu anayekumbuka tu: "Ndivyo alivyosema na yeye."

13 Februari

Siku ya kwanza ya kupokea rambirambi. Nimekaa kwenye kiti cha ndugu wa marehemu. Wamenywa kahawa chungu, wamenipa mikono, mikono baridi. Wengine wamempa pole Rabii wakaniruka.

14 Februari

Leo, watu walipoondoka, nilimvuta Rabii mpaka kwenye kompyuta. "Nionyeshe uliandika nini." Akafungua. Jina langu lipo. "Ndugu yake: Al-Hajj Mhandisi Munzir." Lipo kabisa.

"Umeliongeza sasa hivi?" nikamwuliza. Ulimi wangu huu.

Kijana alinitazama amechoka. "Sikuliandika mimi, ami. Lilikuwemo, kwenye tanzia ya bibi. Nimelihamisha tu mstari. Bibi alikufa juma lile la pili baada ya harusi ya Rim, unakumbuka? Baba alikuwa na kadi ya harusi, ile mliyoirudia, Rim alikuwa amemtumia kwenye kompyuta. Akalichota jina lako kutoka pale, akalibandika kama lilivyo. Alisema, 'Tukikosea cheo cha Munzir atatuua.'"

Hiyam alikuwa amesimama nyuma yetu. Alikwenda chumbani, akarudi na kadi ya harusi, akaiweka mezani mbele yangu. Imeandikwa kwa bluu. Bluu iliyokolea, ambayo kwenye kioo cha kompyuta, kwa macho ya mzee, ni nyeusi.

Na bluu ilikuwa imekufa. Ilikuwa imekufa usiku ule wa mama, na Nazih hakujua, naye kila usiku uliofuata aliisafisha mashine akitafuta ni wapi jina la mdogo wake lilipopotelea. Ilikuwa imekufa mwezi wa kumi na moja mezani pangu, nikaiona imekufa kwa macho yangu, nikasema nani anakufa kwa rangi. Nilipima kwa nyeusi. Karatasi zote zile, majina yote yale, kwa nyeusi.

Amefuta kwa heshima. Ndugu yangu amenifuta kwa kuogopa kunivunjia heshima.

20 Februari

Mvua imepungua. Nimekitoa kichwa cha printa, upande wa rangi, nimekiweka kwenye maji ya uvuguvugu. Nikabadilisha maji. Nikabadilisha tena. Nimekamua kwa pamba, nikangoja, nikakamua. Hiyam aliniletea sahlab, maziwa mazito ya moto, ikapoa, akaondoa, akaleta nyingine. Nyekundu ilikuja adhuhuri. Bluu haikutaka. Niliibembeleza. Mimi, niliyekuwa nikiitukana tangu ije, niliibembeleza kwa sauti mpaka mke wangu akafunga mlango wa jikoni.

Ilikuja jioni. Kwanza uzi mwembamba, kisha nukta, kisha mstari mzima.

Nikafungua tanzia ya mama, ile ya miaka sita aliyonitumia Rabii, sikuigusa hata herufi. Nikachapa moja. "Watoto wake: Nazih," kwa nyeusi. Na chini yake, kwa bluu, herufi kubwa kidogo kuliko za ndugu yangu, na madoido yake ya harusi: "Al-Hajj Mhandisi Munzir."

Niliichukua ikiwa bado mbichi nikatoka mbio. Nilipanda ngazi zote, nikagonga mlango wa juu, na nikaanza kusema, "Nazih, njoo uone." Samiha akafungua, amevaa nyeusi.

Sikuweza kumwambia nilichokuja kufanya. Nilikaa ngazini, karatasi magotini, mpaka wino ukakauka.